Nusu ya Uso ni Shaba

Mchana mimi ni mtu wa shuka jeupe.
Kamalondo, chumba kimoja, kiti kisicho na mgongo:
kaa, inua kidevu, usicheke, lipa.
Nyuso za kadi, nyuso za pasipoti,
watoto wa shule wenye kola za kuazima.

Ikigonga saa kumi nafunga mlango,
naitia kamera ndani ya mfuko wa unga
(macho ya watu yasije yakaipenda kupita kiasi),
nateremka hadi mtoni
kuukabili ule mlima mweusi
ambao Mungu hakuuumba.

Ni mavi ya shaba. Miaka na miaka ya tanuru
lililokula mawe likatema giza.
Baba alikuwa mmoja wa waliomwaga:
usiku, behewa linainama, uji wa moto unateremka,
nasi juu ya ukuta wa nyumba ya kampuni
tunaita: jua la pili! jua la pili!
Hakuna aliyelipiga picha.
Nani angepoteza filamu
kwa kitu kitakachokuwepo kesho?

Sasa nalingojea la kwanza, hili la bure.
Juni. Baridi imekausha pua, vumbi limesimama hewani
kama mgeni asiyejua akae wapi.
Saa kumi na moja na nusu: mlima ni mlima.
Dakika tano zaidi: bado.
Kisha
mbavu zake zinashika,
mkunjo mmoja, wa pili, rangi ya sufuria mpya,
dohani linavaa upande mmoja tu wa koti,
na vidole vyangu vinakuwa vya mtu mwingine.

Dakika tatu. Nimezihesabu misimu minne.
Mara nimesahau kufuta lenzi,
mara betri imezimika kwa baridi,
mara nimepata kila kitu sawasawa
na picha ikatoka kama kalenda ya benki.

Juzi, ya pili ikielekea ya tatu,
baiskeli ikasimama kati ya lenzi na mlima:
magunia manne ya makala, na nyuma yake mtu.
"Baba, unapima kiwanja?"
Hapana. Napiga mwanga.
"Mwanga gani?"
Nikanyoosha kidole. Tukageuka wote wawili.
Mlima ulikuwa umeshavua,
na juu yake nyota moja, haina haya.

"Ile inakuyaka kila siku," akanituliza.
"Kama uko na picha, mimi natafuta ya kadi."

Nikamwambia aje saa kumi na moja na nusu. Sijui kwa nini.
Akaja, Chabu, amenawa hadi shingoni,
chini ya shingo bado ni msitu.
Dirisha langu ni dogo, liko juu ya mlango,
mchana halina kazi.
Usicheke, nikamwambia. Hakucheka.
Mwanga ukampanda begani, ukapita kwenye taya,
ukafika puani ukasimama
kama umeombwa hati za mpakani.
"Umemaliza?"
Bado.
"Umemaliza?"
Bado, ndugu yangu, bado, usipumue.

Karani aliirudisha.
Alisema: hawa ni watu wawili.

Nikampiga nyingine, ya saa sita,
bapa kama sahani, masikio yote mawili yanaonekana.
Hiyo ilipokelewa.
Ya kwanza aliiacha mezani;
mke wake, alisema, hataki ndani ya nyumba
mtu anayewaka.

Nimeibandika kando ya kioo.
Wateja wanachana nywele, wanaitazama, hawaulizi.
Ni mmoja tu, mzee aliyewahi kufanya kazi kiwandani,
aliyeisogelea hadi pumzi yake ikaitia ukungu,
akasema: hapo ndipo behewa lilipokuwa likiinama.

Leo nimechelewa kwenda mtoni.
Nilikuwa nimeshika kufuli mkononi
nikaona shuka limeanza kushika rangi,
polepole, kutoka pembeni,
na kwenye kiti hakukuwa na mtu.